Umiliki wa Jamii na Hifadhi ya Baa za Kihistoria: Mfano wa Ivy House, London

Katika miji ya Uingereza, baa ya mtaa ni mahali pa kunywea na pia ukumbi wa mikutano, muziki na mazungumzo ya majirani. Kadiri bei ya ardhi inavyopanda, thamani ya kiwanja huzidi faida ya biashara, na baa nyingi hufungwa ili majengo yageuzwe makazi. Makala hii inafafanua namna jamii moja ilivyokabili hali hiyo, pamoja na mipaka ya njia iliyotumika.

Ivy House iko Nunhead, kusini-mashariki mwa London. Jengo lake ni la miaka ya 1930, nalo lilijengwa kwa ajili ya kampuni ya bia ya Truman. Katika miaka ya 1970, likiitwa Newlands Tavern, lilikuwa jukwaa mashuhuri la muziki wa roki. Mwaka 2012 baa ilifungwa ili iuzwe. Kinga mbili zilipatikana. Kwanza, jengo liliorodheshwa kitaifa kuwa la kihistoria, hivyo haliwezi kubomolewa bila kibali maalumu. Pili, kwa mujibu wa sheria ya Localism Act ya mwaka 2011, halmashauri ya Southwark ililitambua kuwa mali yenye thamani kwa jamii. Lilikuwa la kwanza nchini kupata hadhi hiyo.

Hadhi hiyo hudumu miaka 5. Mmiliki anayetaka kuuza huiarifu halmashauri. Kikundi cha jamii kikionyesha nia ndani ya wiki 6, uuzaji huzuiwa hadi itimie miezi 6 tangu taarifa ilipotolewa. Hata hivyo, mmiliki halazimiki kuiuzia jamii wala kupunguza bei. Sheria hutoa muda tu. Fedha hutafutwa na wakazi wenyewe. Sheria ya ardhi ya Scotland ya mwaka 2003 inakwenda mbali zaidi, kwani jamii iliyosajili nia yake hupewa nafasi ya kwanza ya kununua.

Ununuzi wa Ivy House ulikamilika mwaka 2013 kwa msaada wa mkopo wa Architectural Heritage Fund na ruzuku ya Social Investment Business. Kisha zikauzwa hisa, na watu 371 wakawa wamiliki. Baa ilifunguliwa tena Agosti 2013. Katika umiliki wa aina hii kila mwanachama ana kura moja bila kujali wingi wa hisa zake, kanuni inayofahamika pia katika vyama vya ushirika vya Afrika Mashariki.

Hata hivyo, umiliki wa pamoja haukumaliza migongano. Mwaka 2018 wafanyakazi wa baa hiyo waligoma kupinga kufukuzwa kwa wenzao na mikataba isiyowahakikishia saa za kazi, waliofukuzwa wakarejeshwa. Tukio hilo linabainisha kwamba kura ya mwanahisa haimlindi mfanyakazi asiye na hisa.

Kwa watunga sera, mfano huu unaonyesha mahitaji matatu yanayotegemeana: muda unaolindwa na sheria, mtaji unaopatikana kabla muda huo haujaisha, na katiba ya chama inayotaja haki za wafanyakazi tangu mwanzo. Likikosekana la kwanza au la pili, jengo huenda kwa mwenye fedha. Likikosekana la tatu, jengo hubaki, lakini wanaolihudumia hawana sauti ndani yake.