Kuzaliwa Mara ya Pili Katika Hadithi za Mapenzi

Wako wazee wanaokikumbuka kitabu cha Mashimo ya Mfalme Sulemani, walichokisoma shuleni. Mwandishi wake, Rider Haggard wa Uingereza, alitunga pia hadithi iitwayo She, yaani Yeye, iliyotoka kuwa kitabu mwaka 1887. Hadithi hiyo yatuonyesha vema jambo moja lipendwalo sana na wasomaji: wapendanao waliotengwa na mauti kukutana tena.

Ayesha ni malkia akaaye mapangoni barani Afrika. Ameishi zaidi ya miaka 2,000 bila ya kuzeeka, kwa kuwa aliingia katika moto wa uhai. Hapo kale alimpenda Kallikrates, kuhani wa Misri, lakini yule kuhani alimpenda mwanamke mwingine. Ayesha akashikwa na wivu, akamwua. Tangu siku ile akakaa akimlilia na kumngoja, akiamini kwamba atazaliwa tena. Hatimaye akafika kijana wa Kiingereza, Leo Vincey, ambaye sura yake ni ile ile ya marehemu.

Kwa nini twapenda habari za namna hii? Ni kwa sababu kila mmoja wetu analo neno alilolitamka kwa hasira, akatamani kulirudisha. Mauti hufunga mlango. Mtungaji hadithi huufungua.

Lakini tazama Ayesha alifanya nini mlango ulipofunguliwa. Leo alikuwa amependwa na msichana aitwaye Ustane. Ayesha akamwua kwa wivu ule ule wa kale. Kisha, ili kumtia Leo moyo wa kuingia motoni, akatangulia yeye mwenyewe mara ya pili. Pale pale uzee wa miaka yote ukamshukia, akanyauka na kufa. Mwaka 1905 Haggard aliwakutanisha tena katika kitabu kingine, Ayesha; humo Leo alikufa kwa busu lake.

Basi, mafunzo yako wazi. Ayesha alipewa miaka 2,000 ya kungoja, na mpenzi wake akarudishiwa. Kitu kimoja tu hakikuzaliwa upya, nacho ni moyo wake. Nafasi ya pili haimfai mtu aliyebaki yule yule.

Nasi hatuna miaka 2,000. Ikiwa uligombana na mwenzako wa bwenini, au ulimjibu mama vibaya siku ya kufungua shule, usingoje muujiza wa vitabuni. Yu hai bado. Mwombe radhi kabla ya likizo.

Mwanafunzi, Kidato cha Nne