Juu ya nini bei ya lengalenga inapanda pirogi zikichelewa



Hapa Kindu, asubuhi mtu anauliza kwanza: leo mto uko namna gani? Lualaba inapita katikati ya mji: Kasuku na Mikelenge ziko upande wa kushoto, Alunguli iko ng'ambo, upande wa kuume. Mto ukichafuka, habari hiyo inafika mpaka ndani ya sufuria.

Mwezi uliopita mama yangu mdogo, anayelima Alunguli, alikata lengalenga jioni, akajaza gunia mbili na kuzishindilia ili avuke mapema. Usiku ukaleta mvua na upepo. Pirogi zikangoja mpaka saa tano. Kufika sokoni, tulifungua gunia: katikati kulikuwa moto, majani yamekuwa manjano. Karibu nusu tulitupia mbuzi. Makuta yale yalikuwa ya kulipia mtoto masomo. Akaniangalia, akasema: "Mwanangu, na ile lisansi yako yote, haikukufundisha kitu juu ya hii?"

Nilisikia haya. Jibu lake njo hili.

Jani likikatwa halifi papo hapo. Linaendelea kupumua, linakula sukari yake yenyewe na kutoa joto. Ndani ya gunia iliyoshindiliwa joto halina pa kutokea. Na kadiri joto linavyopanda, jani linapumua zaidi. Tena lengalenga ni maji karibu yote: mzizi haupo tena wa kuleta mengine, basi linanyauka.

Sasa bei. Mama akileta mafungu 10, na 4 yakaoza, yale 6 yanapaswa kurudisha makuta ya 10. Mnunuzi anasema mama ni mwizi. Kumbe analipa pia mboga ambayo hakuna mtu atakula.

Tumefanya nini? Kwanza, simu. Kuna kijana anayefanya kazi kwenye kivuko. Tunamwuliza mbele ya kukata. Mto ukiwa mbaya, lengalenga inabaki shambani, pale haiozi. Pili, tunakata alfajiri, wakati jani limejaa maji na bado ni baridi, si jioni baada ya jua la siku nzima. Tatu, tunapanga ndani ya kitunga bila kushindilia, tunaweka kivulini, na kufunika na kitambaa kilicholowa maji safi. Maji yakikauka juu ya kitambaa, yanaondoka na joto.

Lakini angalisho: wengi wananyunyizia mboga maji ya mto ili zionekane mpya. Maji hayo yanaweza kubeba kolera. Mboga inang'aa, mgonjwa analala.

Kwa wiki tatu sasa mama mdogo anatupa kidogo sana. Siku ambayo mto unakataa kabisa, bado anakosa soko, na hapo mimi sina dawa. Lakini hakati tena mboga ya kuoza.

Hakuna franga ya mradi iliyoingia hapa, ni simu, kitunga na kitambaa tu. Sisi wa agronomia tunangoja sana kazi ya biro, na mama zetu wanapoteza makuta mbele ya macho yetu.

Ninyi wa Kongolo, Kasongo, Ubundu na kwingineko kando ya maji: kwenu wanavusha mboga namna gani? Andikeni hapa chini, nitamsomea mama mdogo.