Mchanga wa Mgodi Unavyorudishwa Shimoni

Ninyi mnaochimba dhahabu kule Migori na Kakamega mnajua: mwamba ukishatolewa chini hubaki uwazi, na siku moja kuta huporomoka. Katika migodi mikubwa, kama Bulyanhulu kule Tanzania ulioanza kutoa dhahabu mwaka 2001, uwazi huo hujazwa. Kwa nini? Kwa mchanga ule ule uliosagwa ukatolewa dhahabu, ambao wenzetu huko huuita marudio. Huchanganywa na simiti na maji ukawa uji mzito, kisha hupelekwa chini kwa mabomba.

Simiti ni kidogo, kama kilo 3 hadi 7 kwa kila kilo 100 za mchanga, maana ndiyo hula pesa. Basi tusiulinganishe na zege la nyumba. Vipande vya kupimia hukaa siku 28, halafu hukandamizwa kwa mashine. Mara nyingi sentimita moja ya mraba hubeba kilo 5 hadi 20 tu, na zege la kawaida hubeba 200 na zaidi. Lakini yatosha! Kazi yake si kubeba mlima. Ni kuzishika kuta zisisogee, na kusimama wima watu wakichimba ubavuni.

Maji yakizidishwa ili uji uteremke upesi, nguvu hupungua. Tena siku za kwanza ungali majimaji na husukuma sana ukuta uliozibwa mlangoni. Ukuta ukipasuka, walio chini wako hatarini. Kwa hiyo humwagwa kidogo kidogo.

Kuna jambo linalodanganya hata mafundi. Yale mawe yanayong'aa manjano, ambayo mgeni hudhani ni dhahabu, yana salfa. Yakipata hewa na maji hutoa asidi na chumvi zinazokula simiti. Kipande kinaweza kufaulu siku ya 28, kisha kikalegea baada ya miezi. Ndiyo sababu hupimwa tena siku ya 90 na hata baadaye.

Je, kikundi chaweza kujaribu? Kuchimba kando ya mjazo usiopimwa, hapana, hata kidogo. Acheni nguzo za mwamba. Na marudio yenye zebaki msiyamwage shimoni, kwani simiti haiondoi sumu hiyo na visima viko karibu. Shimo lililoachwa lijazeni mawe na udongo mliotoa humo humo, na mpaka lijae, lizungushieni ua watoto wasitumbukie.