Mchoro wa Daraja Hauchaguliwi kwa Bei Peke Yake

Mvua kubwa inaponyesha juu ya milima ya Rwenzori, wakazi wa Kasese husikiliza mngurumo wa mito kabla ya mngurumo wa radi. Wana sababu ya kufanya hivyo. Tarehe 1 Mei 2013 mto Nyamwamba ulifurika, ukateremka katika bonde la Kilembe ukivingirisha mawe makubwa, ukabomoa nyumba na madaraja, na kuingia katika hospitali ya Kilembe. Mwezi Mei 2020 mito Nyamwamba, Mubuku, Nyamugasani na Lhubiriha ilivunja kingo zake, na wagonjwa wa hospitali hiyo hiyo wakalazimika kuhamishwa. Katika maafa ya namna hii askari wa jeshi na polisi huwa miongoni mwa watu wa kwanza kuitwa, na huwa miongoni mwa wa mwisho kuondoka.

Maji yakisha kupungua, swali linalofuata huwa moja: Je, daraja jipya litajengwa lini? Ni swali la haki. Lakini liko swali jingine linalotangulia, ambalo wananchi wachache huliuliza: Ni nani atakayelichora, naye atachaguliwa kwa njia gani? Jibu la swali hili la pili ndilo litakaloamua kama daraja hilo litaona mafuriko yajayo na kubaki limesimama.

Kazi za ujenzi za serikali zina watu wawili wakuu ambao mara nyingi huchanganywa. Wa kwanza ni mkandarasi, mwenye matingatinga, saruji na vibarua. Wa pili ni msanifu wa majengo au mhandisi mshauri. Huyu hauzi saruji wala nondo. Huuza elimu yake, uzoefu wake na uaminifu wake. Ndiye apimaye ardhi, achunguzaye udongo, akadiriaye kimo cha maji ya mafuriko, achoraye ramani na kuandika masharti ya kazi. Mara nyingi ndiye pia amsimamiaye mkandarasi kwa niaba ya serikali. Ujira wake ni sehemu ndogo tu ya gharama ya kazi nzima, lakini kosa lake hulipiwa kwa gharama ya kazi nzima, na pengine kwa roho za watu.

Bonde la Nyamwamba linaonyesha jambo hili waziwazi. Mto ule hauchukui maji peke yake. Huchukua mawe, magogo na mchanga, na kando yake yamerundikwa mabaki ya machimbo ya shaba ya Kilembe. Mhandisi asiyeujua mto wa mlimani aweza kukadiria maji kwa usahihi na bado akachora daraja lenye uwazi mdogo. Siku ya mafuriko mawe yataziba uwazi huo, maji yatatafuta njia ya pembeni, na asubuhi daraja litaonekana limesimama katikati ya mto, hali barabara ya kuliendea imekwenda na maji. Mkandarasi atakuwa amejenga sawasawa na mchoro. Kosa litakuwa limo katika mchoro wenyewe.

Hali kadhalika kwa upande wa Bwera. Barabara ya kwenda huko huvuka Nyamugasani, na huko mpakani mto Lhubiriha huitenga Uganda na Kongo. Barabara hiyo hupitisha malori ya biashara ya Kasindi na Beni, wagonjwa waendao hospitali ya Bwera, na majeshi. Thamani yake ilionekana tarehe 13 Novemba 1996, waasi wa ADF walipoishambulia Mpondwe, na tena mwezi Juni 2019, ugonjwa wa Ebola ulipovuka mpaka na kufikia Bwera. Njia kama hiyo ikikatika, kinachokatika si biashara tu, bali ni ulinzi na tiba pia.

Sasa basi, serikali humchaguaje mchoraji? Hapo zamani zabuni za serikali zilipitia Bodi Kuu ya Zabuni mjini Kampala, iliyofanya kazi chini ya kanuni za mwaka 1977. Mwaka 2003 ilitungwa Sheria ya Ununuzi wa Umma na Uuzaji wa Mali ya Umma, nayo ikaigawa kazi hiyo kwa kila wizara, wakala, wilaya na manispaa. Msingi wa sheria hiyo ni kwamba mtu mmoja asiwe mwombaji, mpimaji na mwidhinishaji wa jambo lile lile. Afisa masuuli, ambaye wizarani ni Katibu Mkuu na wilayani ni Afisa Mkuu wa Utawala, huwajibika kwa fedha na hutia sahihi mkataba. Idara itakayoitumia kazi hueleza inachokihitaji. Kitengo cha ununuzi hutangaza na kupokea maombi. Kamati ya tathmini huyapima. Kamati ya mikataba huidhinisha au hukataa. Tena, Katiba yataka mikataba ya serikali ipate ushauri wa Mwanasheria Mkuu, isipokuwa ile iliyosamehewa kisheria.

Kwa wahandisi na wasanifu, utaratibu wa kawaida ni huu. Kwanza huandikwa hadidu za rejea, yaani maelezo kamili ya kazi itakiwayo. Kisha makampuni hukaribishwa kuonyesha nia, na yale yenye sifa huwekwa katika orodha fupi. Kila kampuni iliyomo katika orodha huleta bahasha mbili zilizofungwa. Bahasha ya kwanza ina maelezo ya kitaalamu: kazi zilizokwisha kufanywa, wataalamu watakaotumwa, na njia watakayoitumia. Ya pili ina bei. Bahasha ya bei haifunguliwi mpaka ile ya kitaalamu imekwisha kupimwa na kupewa alama, na kampuni isiyofikia kiwango kilichowekwa, bei yake haifunguliwi kabisa. Maana ya utaratibu huu ni kuwalinda wapimaji wasishawishiwe na urahisi wa bei kabla hawajaupima uwezo.

Baada ya hapo alama za utaalamu na za bei hujumlishwa kwa uzito uliotangazwa mapema. Chukua mfano wa kubuni. Kampuni ya kwanza imepata alama 90 za utaalamu na yataka shilingi milioni 120. Ya pili imepata alama 76 na yataka milioni 90. Bei ya chini hupewa alama 100 za bei. Ile ya milioni 120 hupewa 75. Ikiwa utaalamu umepewa uzito wa 80 katika 100 na bei 20, kampuni ya kwanza hupata jumla ya 87, na ya pili 80.8. Ya kwanza imeshinda. Lakini ikiwa kila upande umepewa 50, ya kwanza hupata 82.5 na ya pili 88. Sasa ya pili ndiyo iliyoshinda, ingawa hakuna mhandisi aliyebadilika wala bei iliyopunguzwa. Kilichobadilika ni uzito. Kwa hiyo anayeupanga uzito huo ameshika usukani, na ndiyo sababu ni lazima utangazwe kabla ya bahasha kuletwa, wala usiguswe baadaye.

Ziko njia nyingine pia. Kazi iliyo ngumu sana yaweza kupimwa kwa utaalamu peke yake, kisha bei ikajadiliwa na aliyeshinda. Kazi yenye fedha maalumu isiyozidi kiasi fulani hupewa yule mwenye utaalamu bora zaidi ndani ya kiasi hicho. Kazi ya kawaida, kama kusimamia kituo kidogo cha polisi kinachofuata ramani iliyokwisha kutumika mahali pengi, yaweza kupewa mwenye bei ndogo miongoni mwa waliofikia kiwango.

Marekani ilikwenda mbali zaidi. Mwaka 1972 bunge lake lilipitisha sheria ijulikanayo kwa jina la mbunge Jack Brooks wa Texas. Kwa sheria hiyo, idara ya serikali kuu inayotafuta msanifu au mhandisi huyapanga makampuni yasiyopungua matatu kwa sifa zake, bila kuihesabu bei. Hujadiliana ujira na la kwanza. Wasipokubaliana, mazungumzo hayo hufungwa, na la pili huitwa. Hoja yao ni kwamba utaalamu haununuliwi kama gunia la mahindi, ambalo lile la duka hili laweza kulinganishwa na la duka lile.

Wapo wasemao kwamba njia hiyo hufungua mlango wa upendeleo, kwa kuwa uwezo ni jambo la maoni na bei ni tarakimu isiyobishaniwa. Hoja yao haina budi kusikilizwa, hasa katika nchi ambayo fedha ya umma ni haba. Hata hivyo tarakimu nayo hudanganya. Kampuni iliyojipunguzia bei kupita kiasi hulazimika kufidia hasara yake mahali fulani: itamtuma kijana asiye na uzoefu badala ya mhandisi aliyetajwa, itachimba mashimo mawili ya uchunguzi badala ya sita, au itanakili mchoro wa mto wa tambarare na kuuleta mlimani. Dawa ya upendeleo ni kupima uwezo kwa vigezo vilivyoandikwa, na kutangaza matokeo ili aliyeshindwa aweze kulalamika. Sheria ya Uganda inampa haki hiyo: malalamiko huanza kwa afisa masuuli, na yaweza kufika mbele ya baraza maalumu la rufaa za ununuzi.

Udanganyifu mwingine ni wa kujivika sifa za mwenzio. Mwaka 2013 kandarasi ya barabara ya Mukono kwenda Katosi ilipewa kampuni iliyojitambulisha kwa jina la kampuni halisi ya Marekani, na malipo ya awali ya shilingi bilioni 24.7 yakatolewa kabla ukweli haujajulikana. Jambo hilo liliishia mahakamani. Hiyo ilikuwa kandarasi ya ujenzi, lakini fundisho lake ni lile lile kwa washauri: vyeti havipimwi kwa uzuri wa karatasi. Wahandisi wana bodi yao ya usajili kwa sheria ya mwaka 1969, na wasanifu wa majengo wana yao kwa sheria ya mwaka 1996. Kuuliza huko, na kuwauliza waliowahi kuhudumiwa na kampuni hiyo, ni kazi ya siku chache.

Wakati wa dharura sheria huruhusu kampuni moja kuitwa moja kwa moja, na ni sawa, kwa kuwa mgonjwa aliye ng'ambo ya mto hawezi kusubiri bahasha. Lakini dharura ina mwisho wake. Kivuko cha muda hakina budi kuwekwa upesi; daraja la kudumu halina budi kuchorwa kwa utulivu. Dharura ikigeuzwa kuwa desturi, mafuriko yajayo yataukuta mchoro ule ule uliofanywa kwa haraka.

Jambo hili lawahusu askari kwa njia tatu. Kwanza, wao ni watumiaji. Kambi, vituo na nyumba zao huchorwa kutokana na maelezo ya idara zao, na maelezo mabovu huzaa majengo mabovu. Vitu vya siri vya ulinzi vina orodha yake maalumu, lakini siri haipaswi kuwa shuka la kufunikia kazi ya kawaida. Pili, katika miaka ya karibuni Brigedi ya Wahandisi ya UPDF imekabidhiwa kazi za ujenzi wa majengo ya serikali. Mjenzi hodari bado huhitaji mchoro sahihi, na mkaguzi asiyekuwa yeye mwenyewe. Tatu, polisi ndio huchunguza vyeti vya kughushi na makampuni yanayokula njama za kupeana zamu. Afisa ampigiaye simu mjumbe wa kamati ya tathmini kumtetea ndugu au rafiki hubomoa kile ambacho mwenzake atatumwa kukiokoa kwa kamba na mtumbwi.

Askari hahitaji kufundishwa maana ya upelelezi. Hakuna kamanda amteuaye mpelelezi kwa sababu mpelelezi huyo anakula kidogo. Humteua kwa kuwa anaijua ardhi na husema kweli aliyoiona. Mhandisi mshauri ndiye mpelelezi wa taifa mbele ya mto. Wahenga walisema usipoziba ufa utajenga ukuta. Huko Kasese na Bwera, ufa huanzia mezani, siku bahasha zinapofunguliwa, na ni mezani hapo hapo uwezapo kuzibwa kwa gharama ndogo.