Picha Inapokataa Kupakiwa Kwenye Wiki

Mwenye kuendesha wiki kwenye seva yake mwenyewe kwa programu ya MediaWiki, ile ile inayoendesha Wikipedia ya Kiswahili, siku picha yake inapokataliwa aghalabu hukimbilia kubadilisha mipangilio yote kwa mkupuo, hata mwishowe asijue ni badiliko lipi lililoponya na ni lipi lililozidisha maradhi. Rai yangu ni kwamba, kabla ya kugusa lolote, na ajaribu kwanza kupakia picha ndogo mno, ya kilobaiti 10 hivi: ikipita hiyo na kubwa ikarudi, ila ni ukubwa; ikirudi hata hiyo, basi ila ni ruhusa, au nafasi, au pengine upakiaji haujawashwa kamwe, maana MediaWiki huja ukiwa umefungwa, na sharti mwenyewe aandike katika LocalSettings.php kwamba $wgEnableUploads ni true.

Tuchukue ukubwa, kwani hapo ndipo penye hila. Picha ya simu, yenye megabaiti 4 mathalan, hukutana kwanza na seva ya wavuti, na ikiwa ni nginx, isipoelekezwa vinginevyo haipokei zaidi ya megabaiti 1, nayo hujibu kwa namba 413. Kisha PHP, ambayo kwa kawaida yake hukubali faili la megabaiti 2 tu, na wiki hutamka wazi kwamba faili limezidi kipimo. Lakini lipo zuio la tatu, post_max_size, la megabaiti 8, ambalo hupima shehena nzima ya fomu, faili pamoja na maelezo yake. Ikizidi hiyo, PHP huitupa shehena yote, na fomu hurudi tupu kana kwamba hukujaza kitu, pasipo neno la lawama. Nimeona watu wenye akili timamu wakijaza fomu hiyo mara tano.

Naye aliyekwisha kuvitambua vipimo hivyo huweza kuvirekebisha bilashi, kwa kuwa katika Debian na jamaa zake PHP ina mafaili mawili ya php.ini, moja la amri za terminali na jingine la php-fpm inayohudumia tovuti. Akihariri la kwanza, terminali itamthibitishia kwamba kipimo kimebadilika, ilhali tovuti haina habari. Na hata akihariri lililo sahihi, php-fpm haina budi kuwashwa upya.

Kuhusu ruhusa, saraka ya images yapasa imilikiwe na mtumiaji wa seva ya wavuti, ambaye katika Debian ni www-data. Wengi huambizana waipe ruhusa ya 777, ushauri nisiouafiki hata kidogo, kwani humfungulia mlango kila anayeishi ndani ya mashine hiyo. Katika mifumo ya ukoo wa Red Hat, SELinux, mfumo wao wa ulinzi, yaweza kuzuia uandishi ijapokuwa umiliki hauna dosari.

Ikiwa yote hayo ni sawa na picha ndogo bado inakataa, imebaki nafasi ya diski: na aandike df -h kwenye terminali, asitazame images peke yake bali /tmp pia, ambako aghalabu kila faili hutua kwanza kabla ya kukabidhiwa wiki. Huenda akaona diski imejaa pomoni kwa madaftari ya makosa, yale yale ambayo tangu siku ya kwanza hakuyafungua.