Fahamu: Kwa nini ndege mmoja adimu huhitaji macho mengi

Kwera wa Clarke, ndege mdogo wa rangi ya manjano na nyeusi anayepatikana Kaunti ya Kilifi pekee nchini Kenya, alielezwa kisayansi mwaka 1913. Hata hivyo, karne nzima ilipita kabla ya kubainika anakotaga: viota vyake vilionekana mwaka 2013 katika kinamasi cha msimu huko Dakatcha. Kabla ya hapo alijulikana zaidi kwa makundi yaliyopita vileleni mwa miti ya msitu wa Arabuko-Sokoke, kisha yakatoweka. Kumwona ndege adimu, basi, si bahati ya mwenye darubini tu. Mahali, tarehe na idadi vikiandikwa, bahati hiyo hugeuka ushahidi. Mazalia yasiyojulikana hayalindiki. Kinamasi kikilimwa, hakuna atakayejua kilichopotea.

Wapo wanaosema utazamaji wa ndege ni starehe ya watalii. Lakini mtalii hukaa siku mbili, ilhali kinamasi hujaa na kukauka kwa kufuata mvua, na anayeijua mvua hiyo ni mwenyeji. Wengine huhofia kwamba kutangaza kiota kutavuta umati na kuwafukuza ndege. Hofu hiyo ina msingi, ila dawa yake si ukimya: taarifa ifikishwe kwa wahifadhi, na mahali penyewe pafichwe hadi makinda yaruke. Kumbukumbu moja ni haba. Zikikusanywa hujaza kibaba.