Mwalimu wa Msosi Ana Miaka 16!

Leo tuache kidogo mambo ya mapenzi na muziki, tuongee habari ya tumbo. Si tumbo lako wewe, la hasha! Ni la yule mdogo wako wa darasa la pili, ambaye kila asubuhi anapewa sh. 500, anaitumbukiza mfukoni na kutimua mbio kwenda shule.

Ushawahi kujiuliza hela ile inaishia wapi? Simama nje ya geti la shule ya msingi hapa Dar saa ya mapumziko, utapata jibu. Barafu za rangi, ubuyu mwekundu, krispi za pakiti, juisi ambayo haijawahi kukutana na tunda, na chipsi dume zilizokolea chumvi na pilipili. Pembeni yupo mama wa machungwa na ndizi. Kajiinamia zake, wateja wake wa kuhesabu kwa vidole.

Mwalimu anasema, mama anasema, daktari naye anasema. Watoto wanaitikia "ndiyooo" kama kwaya, halafu haooo, kwenye barafu! Lakini kuna watu wanaosikilizwa, na mimi nimewaona kwa macho yangu. Ni kaka na dada zao wa sekondari.

Niliwaona Mwananyamala, nyumbani kwa dada yangu. Binti yake yuko kidato cha tatu, ana miaka 16. Jumamosi moja mchana, yeye na kijana mmoja wanayesoma naye walikusanya watoto wa majirani uani, kama wanane hivi, wakawakalisha mkekani. "Shikamoo anko. Kaa pale, ila usiwachekeshe," akaniambia. Nikakaa kwa adabu zote.

Ubao hakuna, chaki hakuna. Binti alikuwa na chupa tupu ya soda ya mililita 300, kopo la sukari, glasi na kijiko cha chai. Akauliza, "Humu ndani mnaingia vijiko vingapi vya sukari?" Mmoja akasema viwili. Mwingine, mjuaji, akasema vitatu. Binti akaanza kumimina kwenye glasi, watoto wakihesabu kwa sauti. Kwenye kijiko cha tano vicheko vikapungua. Cha nane kilipoingia, uani kimya!

Na hakuwa anawazuga. Soda nyingi zina gramu 10 au zaidi za sukari katika kila mililita 100. Kwa hiyo chupa ya mililita 300 ina gramu 30 na ushee, ambazo ni vijiko 7 hadi 8 vya chai. Tangu mwaka 2015 Shirika la Afya Duniani linashauri sukari ya kuongezwa isizidi sehemu moja ya kumi ya nguvu yote ambayo mtu anaipata kwenye chakula chake cha siku. Kwa mtoto wa miaka saba, chupa moja tu inakaribia kuumaliza mgao huo, na chai ya asubuhi hatujaihesabu.

Basi kijana naye akasimama, akaanza kumwaga sera kuhusu ubaya wa soda. Katoto kamoja kakanyoosha kidole. "Kaka, mbona jana ulikuwa unakunywa soda pale dukani?" Weee! Uani kukalipuka kwa kicheko. Jamaa akaishiwa pozi.

Lakini hakukimbia. Akasema, "Kweli, nilikunywa. Basi tufanye hivi. Kuanzia leo mpaka Jumamosi ijayo, mkinikamata na soda nawachotea maji ndoo mbili kila nyumba." Watoto wakashangilia utadhani Simba na Yanga zimefunga kwa pamoja. Jamaa akawa amejipatia askari wanane bila mshahara. Naamini ahadi ile iliwaingia kuliko sukari yote ya kwenye glasi, kwa sababu sasa mwalimu mwenyewe alikuwa anajaribu pamoja nao.

Kisha likaja jambo lililonigusa zaidi. Binti mmoja mdogo aliambiwa ataje matunda wanayokula kwao. Akainamisha kichwa. "Kwetu hakuna matunda. Kuna ugali na dagaa tu." Wenzake wakaanza kumcheka. Mpwa wangu akawakata jicho hadi wakanyamaza.

"Dagaa? Kumbe huyu ndiye tajiri wenu!" akasema. "Dagaa unamla mzima pamoja na mifupa yake, na hiyo ndiyo inajenga mifupa na meno yako. Mwambie mama aweke na mchicha pembeni, akamulie limao. Hapo umewapita wote wenye krispi." Yule mtoto akainua uso. Angenyamaziwa pale, angerudi nyumbani akiona aibu na chakula cha mama yake.

Mambo haya si ya mchezo. Utafiti wa kitaifa wa afya wa mwaka 2022 ulionyesha kwamba kati ya kila watoto 100 wa Tanzania wenye umri chini ya miaka 5, 30 wamedumaa, na zaidi ya nusu ya watoto wadogo walikuwa na upungufu wa damu. Ndiyo maana hata limao lile lilikuwa na kazi. Vitamini C iliyomo inausaidia mwili kunyonya madini ya chuma yaliyo kwenye mchicha na maharage. Chai inafanya kinyume chake, inayazuia. Kwa hiyo chai isinywewe pamoja na ugali, isubiri kama saa moja hivi.

Wazo lenyewe la wakubwa kuwafundisha wadogo lina historia. Daktari wa watoto David Morley na mtaalamu wa elimu Hugh Hawes, wote wa Chuo Kikuu cha London, waliuanzisha mpango wa Mtoto kwa Mtoto, uliozinduliwa mwaka 1979, Mwaka wa Kimataifa wa Mtoto. Walichoona ni kile ambacho bibi zetu walikijua siku nyingi: anayembeba mdogo mgongoni ndiye pia anayemlisha.

Sasa wewe dada, wewe mshikaji, ukitaka kuanza, anza na ile hela aliyonayo mtoto. Usimhubirie tufaha la dukani. Muonyeshe ndizi mbivu, chungwa, karanga na muhogo wa kuchemsha. Hata ubuyu usimkataze kabisa, maana unga wake mweupe una vitamini C. Tatizo ni sukari na rangi. Tunda lioshwe kwanza, na tikiti lililokatwa likakaa na nzi mpite nalo mbali.

Pili, usimwite mtoto "bonge" wala "njiti", na usimwambie apunguze kula ili apungue mwili. Huyo bado anakua. Mwili wake ukikutia wasiwasi, waambie wazazi wampeleke kliniki.

Tatu, kubali kuchunguzwa. Ukisema mboga ni nzuri halafu ukaisukuma pembeni ya sahani, mwanafunzi wako ameshaona.

Kuna nyumba ambazo sufuria yenyewe haijai. Hapo somo la mkekani halitoshi, na wazazi na shule wana deni la uji na chakula cha mchana. Lakini pale ambapo sh. 500 ipo, kuna uamuzi unafanyika kila siku getini, na anayeufanya ana miaka saba tu. Mwenzake ni wewe. Jumamosi hii tafuta chupa tupu na kijiko, uwaite. Kazi kwako!